Kalamu ya Msahihishaji

Kabla herufi za Kirumi hazijashika hatamu katika pwani yetu, mabingwa wa Lamu, Mombasa na Unguja waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na kwa kuwa herufi hizo, zilizoumbwa kwa ajili ya lugha nyingine, zina alama tatu tu za irabu, na herufi moja ya "ba" ilibebeshwa sauti za b, p, mb na mp, hata maneno "bibi" na "pembe" yaliweza kuandikwa kwa sura moja, msomaji alilazimika kuwa mhariri wa kila waraka aliofungua.

Herufi za Kirumi ziliposhika hatamu, uhariri ukawa kazi ya kamati. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa lugha sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, iliyosoma miswada ya vitabu vya shule, ikasahihisha tahajia na sarufi, na kuvipa idhini. Faida yake haikanushiki: mtoto wa Tabora na wa Malindi walisoma tahajia moja. Walakini Kamati ilianza bila Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wajumbe, na Kimvita, lahaja ya Mombasa na ya mshairi wake Muyaka bin Haji, kikasukumwa kando; hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa dhuluma.

Basi, ewe mhariri, ukikutana na neno la Kimvita, au la Kiamu cha Lamu, usilolifahamu, waulize wenyewe kabla hujalifuta.