Daktari Avukapo Mpaka wa Jimbo



Daktari wa Mwanza akihamia Mbeya hufunga mizigo yake, akasafiri; usajili wake ni ule ule, kwa maana Baraza la Madaktari la Tanganyika lina daftari moja kwa Tanzania Bara nzima. Huko Marekani sivyo. Mtu aliyetibu wagonjwa miaka ishirini mjini Chicago, katika jimbo la Illinois, akihamia jimbo jirani la Indiana hana ruhusa ya kufungua zahanati mpaka apate leseni ya Indiana. Utauliza, mbona iwe hivyo katika nchi yenye rais mmoja na fedha moja?

Asili yake ni katiba. Mambo ambayo hayakukabidhiwa serikali ya shirikisho yalibaki mikononi mwa majimbo, na uganga ni mojawapo. Hata hivyo, katikati ya karne ya 19 majimbo mengi hayakuwa na sheria ya leseni iliyo na nguvu. Aliyetaka kuitwa daktari alitundika kibao mlangoni, basi. Vilikuwapo hata vyuo vya kuuza hati.

Ndipo West Virginia ikatunga sheria yake, mnamo miaka ya 1881 na 1882. Kila daktari alitakiwa awe na hati ya chuo chenye sifa njema, au awe ametibu jimboni humo miaka kumi mfululizo, au afaulu mtihani. Frank Dent alikuwa akitibu watu huko tangu 1876. Miaka yake haikutimia. Alitoa hati aliyoipata katika chuo cha Cincinnati, jimbo la Ohio. Halmashauri ya afya ikaikataa, ikisema chuo hicho hakina sifa. Dent akaendelea kutibu, akashtakiwa, akatozwa faini ya dola 50.

Hakukubali. Alidai kwamba amenyang'anywa riziki yake, na kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1889 Jaji Stephen Field alitoa hukumu kwa niaba ya wenzake wote: kila raia ana haki ya kuchagua kazi halali, lakini jimbo laweza kudai elimu kwa mtu ambaye ujinga wake waweza kumwua mwenzake. Dent akashindwa. Mimi namhurumia kidogo, lakini nadhani mahakama ilisema kweli. Mgonjwa hawezi kumpima daktari wake.

Kumbe ukuta uliojengwa kumlinda mgonjwa uliweza pia kulinda mfuko wa daktari. Majimbo mengine yalikubaliana kupokeana leseni. Florida, yenye jua hata wakati wa baridi, ilikataa kwa miaka mingi. Ilihofiwa kwamba madaktari wazee wangehamia huko kupumzika na kuwapunguzia wenyeji wateja. Daktari mwenye mvi alilazimika kukalia kiti cha mtihani pamoja na vijana.

Na ubaya wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Daktari aliyenyang'anywa leseni kwa makosa aliweza kuhamia jimbo jingine lisilojua habari zake. Mtu alivuka mpaka, sifa yake mbaya ikabaki nyuma. Ndiyo sababu mwaka 1990 serikali ya shirikisho ilifungua hazina ya kumbukumbu za madaktari walioadhibiwa, ili kila halmashauri ipate kuitazama.

Tangu 2017 leseni za kwanza zilipotolewa chini ya mapatano ya majimbo, daktari mwenye sifa safi hukaguliwa mara moja, kisha hupewa leseni upesi katika majimbo mengine yaliyojiunga. Lakini hata hapo kila jimbo hutoa leseni yake na kudai ada yake.

Sheria hutazama mahali alipo mgonjwa, si mahali alipo daktari, hata wakizungumza kwa simu yenye picha. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, majimbo mengi yalilegeza masharti hayo kwa muda. Ruhusa hizo zilipokwisha, wagonjwa wengine waliokuwa wakitibiwa na daktari wa jimbo jirani waliendesha magari yao hadi ng'ambo ya mpaka, wakasimama kando ya barabara, wakampigia simu daktari wao kutoka humo garini.