Khitilafu ya Viungo katika Kuitengeneza DNA

Aghalabu husomeshwa kwamba seli ya mnyama ina uwezo wa kuitengeneza DNA yake inapodhurika, kana kwamba uwezo huo ni mmoja na umegawiwa sawasawa mwilini kote. Nami naona kwamba usemi huo, ingawa si uongo, unafunika jambo lililo aula kujulikana, nalo ni kwamba mara nyingi maradhi hukichagua kiungo si kwa wingi wa madhara yaliyokifika, bali kwa namna kiungo chenyewe kinavyoyaondoa.

Ithibati iliyo wazi kabisa ni kazi ya Goth na Rajewsky, wataalamu wa Ujerumani, iliyotolewa mwaka 1974. Panya wa siku 10 akidungwa ethilinitrosourea mara moja tu, kemikali isiyohitaji kimeng'enya chochote kuiamsha na ambayo huvunjika mwilini kwa muda mfupi, baadaye hupatwa na uvimbe wa ubongo na wa neva, ilhali ini lake aghalabu husalimika. Mtu angedhani sumu ile imeuandama ubongo. Kumbe, ilipopimwa, guanini, mojawapo ya besi za DNA, katika viungo vyote viwili zilionekana kudhurika kwa kiasi kinachokaribiana, ila dhara lililoshika oksijeni ya nafasi ya 6 liliondoshwa upesi katika ini na likakawia katika ubongo, hali lile la nafasi ya 7 likiondoka kotekote kwa mwendo uliolingana. Ubongo, basi, haukuwa mzito kwa kila kazi. Ulipungukiwa na kitu kimoja.

Kitu hicho ni protini iitwayo MGMT, ambayo tabia yake yastahili kutaamaliwa: hulivua kundi la ethili, lililobandikwa na kemikali ile, kutoka katika guanini, ikajitwika yenyewe, na kwa tendo hilo ikaharibika, hata molekuli moja ikawa haitengenezi ila dhara moja. Kwa hiyo cha kutazamwa ni akiba. Ini linayo tele, ubongo unayo haba. Tena ubongo wa panya mchanga ungali na seli zinazogawanyika, na mgawanyiko ukitangulia matengenezo, guanini ile huoanishwa na besi ya thimini mahali pa sitosini, na kosa likathibiti.

Wako watakaosema kwamba kugawanyika ndiko asili ya yote. Hoja hiyo ina uzito, lakini maradhi ya Cockayne, ambamo jeni zinazosomwa hukosa matengenezo yake mahsusi, huharibu mfumo wa neva, ambao seli zake kuu hazigawanyiki, wala hayajulikani kuleta saratani ya ngozi. Na maradhi ya xeroderma pigmentosum, ambayo mtaalamu Cleaver alionyesha mwaka 1968 kwamba seli zake hushindwa kutengeneza madhara ya mionzi ya urujuanimno, huileta saratani hiyo kwa wingi. Kinachokichagua kiungo, basi, ni aina ya matengenezo yaliyokosekana, si kugawanyika peke yake.

Ndiyo maana sitosheki na vipimo vya seli zilizooteshwa chupani, madhali seli iliyong'olewa kiungoni mwake na kushurutishwa kugawanyika imekwisha kubadilishwa hali ile ile tunayotaka kuipima. Waganga wa saratani wanaijua khitilafu hii ya viungo vitandani pa wagonjwa: dawa ya temozolomidi, idhuruyo guanini vivyo hivyo, huwafaa zaidi wenye uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma ambao jeni yake ya MGMT imenyamazishwa, na uboho wa mifupa, wenye akiba ndogo ya protini hiyo hiyo, ndio unaoumia na kuwalazimu kupunguza dozi.