Stelingi Hafi, Ila Kuna Mtu Anaanguka kwa Niaba Yake

Mi sio mchambuzi wa muvi, naangalia kama wewe tu. Na nikiri, muvi za masupahiro za siku hizi zinanichosha. Jiji zima linabomoka, kila kitu kompyuta, mi nasinzia. Lakini kwenye John Wick ya 4 (2023), jamaa alipobingirika zile ngazi 222 za Paris, nilikaa wima! Pale hakuna uongo, ni mwili wa mtu unagonga zege. Ila sio mwili wa Keanu Reeves. Ni wa Mfaransa mmoja ambaye wengi wetu hata jina hatulijui.

Huyo ndiye dabo: anavaa nguo za staa, anaanguka, anaamka na maumivu, sifa anachukua mwingine. Na mchezo huu haujaanza jana.

Mwaka 1939, kwenye muvi ya Stagecoach, Yakima Canutt alidondoka katikati ya farasi wanaokimbia, gari likapita juu yake. Mtaani aliyebaki midomoni ni John Wayne. Mwaka 1981 Indiana Jones akapita chini ya lori kwa mtindo uleule, na safari hiyo pia kulikuwa na dabo. Canutt alikuja kupewa Oscar ya heshima miaka ya 60, akiwa mzee tayari.

Ya heshima, kwa sababu tuzo ya kazi yenyewe haikuwepo. Oscar zilianza 1929. Kuna tuzo ya nguo, ya vipodozi, ya sauti. Ya watu wanaovunjika mbavu? Hamna. Hadi Aprili 2025 ndipo wakatangaza kwamba itakuwepo, kuanzia na muvi za 2027, itolewe 2028. Karibu miaka 100, jamani!

Najua kuna mtu ataniambia, "Mbona Tom Cruise anaruka mwenyewe?" Kweli, na mguu alivunja London mwaka 2017 akirekodi Mission: Impossible. Namheshimu. Lakini staa akiumia, dunia nzima inajua. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, dada mmoja aliyekuwa dereva wa mashindano ya pikipiki alifariki Vancouver akirekodi Deadpool 2. Ndiyo ilikuwa muvi yake ya kwanza kama dabo. Wangapi tuliicheka ile muvi bila kujua hilo? Mi nilikuwa mmoja wao.

Kinachonipa moyo ni kwamba hawa watu wameanza kushika usukani. Chad Stahelski, dabo wa Keanu kwenye The Matrix (1999), ndiye kaongoza John Wick. Mwenzake David Leitch, aliyewahi kuwa dabo wa Brad Pitt, akaongoza The Fall Guy (2024), muvi nzima kuhusu dabo. Kwa maoni yangu ndio maana mapigano ya John Wick yanauma hadi kwenye kiti ulichokaa. Aliyeyapanga anajua sakafu ina ladha gani.

Kule kwenye kibanda umiza tulikofundishwa kwamba stelingi hafi, adui akishalala tu, mwenye banda anachomoa mkanda. Majina hatukuwahi kuyaona yakipanda. Siku hizi rimoti ni yako. Yaache yapande, utafute walipoandikwa watu wa stanti. Utashangaa walivyo wengi.

We hapo, kuna dabo hata mmoja unayemjua kwa jina?