Uchafuzi wa mwanga: madhara yake na njia za kuupunguza

Uchafuzi wa mwanga ni hali ya taa za umeme kumulika mahali pasipohitajika, kwa muda usiohitajika, au kwa ukali uliopita kiasi. Tofauti na moshi au takataka, uchafuzi huu haubakizi masalia. Taa ikizimwa, giza hurejea papo hapo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani huishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na zaidi ya theluthi moja hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza angani. Hata Kilimia, kundi la nyota lililopewa jina kutokana na kilimo, hufifia juu ya miji.

Madhara hayaishii angani. Mwanga wa usiku, hasa wenye rangi ya buluu, hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Ndege wahamao hupotezwa na taa za maghorofa, nao wadudu huzizunguka taa hadi kufa.

Katika fukwe wanakotaga kasa, mfano Watamu nchini Kenya na kisiwani Mafia, Tanzania, giza ni suala la uhai. Watoto wa kasa wanapoanguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa za majengo ya ufukweni zaweza kuwageuza kuelekea nchi kavu, ambako huliwa na kaa na ndege au hukaushwa na jua.

Wengi huhofia kwamba kupunguza mwanga ni kuwakaribisha wezi. Hata hivyo, taa kali inayoelekea machoni humzuia mpita njia kuona kilicho kivulini. Taa yenye kofia, inayomulika chini tu, huangaza njia vizuri zaidi na kwa umeme mdogo.

Njia nyingine ni kutumia taa za rangi ya manjano badala ya nyeupe kali, kufunga vifaa vinavyowasha taa mtu anapopita, na kuzima mabango usiku wa manane. Nchini Ufaransa, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2013 ziliyataka maduka kuzima taa za madirisha ya maonyesho ifikapo saa 7 usiku. Mji wa Flagstaff, Marekani, ulioanza kudhibiti taa mwaka 1958, ulitambuliwa mwaka 2001 kuwa mji wa kwanza duniani wa anga lenye giza.