Kiko Kilichogeuka Filimbi

Najua niliahidi kwamba makala hii ingehusu hifadhidata. Hifadhidata itasubiri. Leo nataka kuzungumzia viko vya tumbaku. Ndiyo, umesoma sawasawa. Vumilia kidogo, tarakilishi itaingia mahali pake.

Chanzo ni babu yangu. Desemba iliyopita nilienda nyumbani na kiko nilichokichonga mwenyewe kwa kipande cha mutamaiyu, ule mzeituni mwitu ambao wazee wetu hupenda kuni zake. Nilikuwa nimekipiga msasa kwa wiki mbili, kinang'aa kama gari la harusi! Babu akakipokea, hakukitia tumbaku. Akakivuta kikiwa kitupu, akasikiliza, akanitazama. "Mjukuu wangu," akasema, "hii ni filimbi."

Tundu la moshi nilikuwa nimelitoboa juu mno, likatokea katikati ya bakuli badala ya chini kabisa. Kiko cha namna hiyo huacha tumbaku ya chini bila kuungua, ikalowa na kuwa chungu. Kosa la milimita chache tu, na wiki mbili za msasa hazikuligusa hata kidogo. (Nisieleweke vibaya: mimi sivuti, na kikohozi cha babu kinatosha kunizuia. Napenda uchongaji tu.)

Basi nikarudi Nairobi nikaanza kusoma jinsi mafundi wa zamani walivyojifunza kazi hii. Nilichokipata kilinikumbusha aibu yangu moja ya kazini, nami nitaisimulia hapo chini.

Viko vingi vya Ulaya vilikuwa vya udongo, vya bei nafuu na vyepesi kuvunjika. Katikati ya karne ya 19, mafundi wa mji wa Saint-Claude, kule milima ya Jura nchini Ufaransa, walianza kutumia fundo la mzizi wa kichaka kiitwacho Erica arborea. Kichaka hicho humea kandokando ya bahari ya Mediterania, na pia hapa kwetu: ukiupanda Mlima Kenya au Aberdare utakikuta juu ya ukanda wa mianzi. (Usiende na panga. Ni mbuga ya taifa.) Fundo lenyewe hukaa ardhini, kati ya mizizi na shina, na huchukua miongo kadhaa kukomaa. Ni gumu na linastahimili moto. Hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa kwa miezi au hata miaka.

Sasa, tatizo lake ni hili. Mti ule unapokua ardhini humeza vichanga na vijiwe, na ndani yake hubaki vishimo usivyoweza kuviona kutoka nje. Fundi huchonga, husugua, kazi inakaribia kwisha, ndipo kishimo kinajitokeza mahali pabaya kuliko pote. Aliyewahi kuandika programu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Viwanda vilikuwa na dawa zake. Vishimo vilizibwa kwa lipu, rangi ikapakwa juu. Alfred Dunhill wa London alipata njia ya ujanja zaidi, na mwaka 1917 aliiombea hataza: kupuliza mchanga kwa nguvu juu ya mbao hadi sehemu laini ziliwe na zile ngumu zibaki zimeinuka kama mikunjo ya ngozi ya mzee. Kishimo kidogo hupotea humo. Sura hiyo aliipa jina la Shell, na watu wakaipenda kwa haki yake yenyewe. Namheshimu, lakini hiyo bado ni njia ya kuishi na kasoro baada ya kuzaliwa kwake.

Mtu aliyenivutia ni Sixten Ivarsson, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1910 na kufanya kazi Copenhagen, Denmark. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba kiko chake kilivunjika, akakipeleka kwenye karakana ya kutengeneza viko, akaomba akitengeneze mwenyewe. Walipoona mkono wake wakamwajiri.

Hebu fikiria shule hiyo! Kabla ya kujulikana kwa viko vyake mwenyewe, alikaa mahali ambapo viko vya watu wengine vinarudi vikiwa vimeshindwa. Huyu shingo imepasuka. Huyu bakuli limetoboka kwa moto. Huyu analalamika kwamba kinakoroma, kwa sababu mrija haukukaa vizuri kwenye shingo na maji hukusanyika hapo penye mwanya. Kila mteja ameleta ripoti ya hitilafu pamoja na kielelezo chake, tena amelipa.

Alipoanza kutengeneza vyake, Ivarsson aligeuza utaratibu. Desturi ya viwandani ilikuwa kutoboa matundu kwanza, kisha umbo lifuate matundu. Yeye alichonga umbo kwanza, akiufuata mchirizi wa mbao na kuvikwepa vishimo vinapojitokeza, halafu ndipo akatoboa. Kutoboa kitu kilichopinda tayari ni kazi ya roho mkononi, lakini mbao yenyewe ilikuwa imekwisha kumwambia iwezavyo kuwa. Baadhi ya maumbo aliyobuni yalitengenezwa na kiwanda cha Stanwell, yakaenea duniani.

Na hakuufungia ujuzi huo kabatini. Mwanawe Lars alijifunza kwake, na baadaye mjukuu wake Nanna akaifuata kazi hiyo. Jess Chonowitsch alipitia karakana ya Poul Rasmussen, kisha ya Ivarsson. Katika miaka ya 1970 Hiroyuki Tokutomi alitoka Japani kwenda kujifunza huko. Rasmussen alipofariki mwaka 1967, mkewe Anne Julie, aliyekuwa msanii, hakuiuza karakana; alikaa mwenyewe kwenye mashine akawa fundi anayeheshimika. Katika mji huo mwanagenzi hakuwa na pa kuficha kazi mbovu. Ilikuwa mezani, mbele ya anayejua.

Sasa aibu yangu. Miaka mitatu iliyopita niliandika programu ya simu ya kurekodi nauli kwa kampuni moja ya matatu. Nilijifungia miezi saba. Sikumwonyesha mtu, nikisema "ikikamilika". Siku ya kuizindua nilimpa makanga mmoja simu, gari likiwa njiani. Mkono mmoja ameshika mlango, noti ziko katikati ya vidole, na mimi nilikuwa nimeweka kitufe cha kuthibitisha juu kabisa ya skrini, pasipofikiwa na kidole gumba. Dakika mbili hazikuisha. "Boss," akaniambia, "hii inataka mtu mwenye mikono mitatu." Kazi hiyo niliipoteza, na sikuwa na wa kumlaumu.

Nilijua vizuri kwamba Linus Torvalds alitoa toleo 0.01 la Linux mwezi Septemba 1991 likiwa halijafaa kwa kazi ya kila siku, na kwamba waliolichokonoa ndio waliolikuza. Hilo nililifanyia mtihani chuoni nikapita. Kumpa makanga simu mwezi wa kwanza, hapana, niliona haya.

Pasaka nilimpelekea babu kiko cha pili. Hiki hakikuwa na msasa wala mafuta, na alama za penseli zilikuwa bado zinaonekana. Akakivuta kitupu. Kimya; hewa inapita. Akaingiza ujiti wa kusafishia, ukatokea chini ya bakuli. Kisha akasema mdomo wake ni mnene kama mpini wa jembe, meno yake mawili yaliyobaki hayawezi kuushika, na bakuli ni zito upande wa kushoto. Akachukua penseli sikioni mwangu akachora pa kupunguza.

Cha tatu kiko hapa mezani kando ya kibodi. Nimekitoboa jana. Jumamosi napanda matatu kwenda nyumbani.