Kilima, kijito, kijiji

Ndani ya ghala la zamani mjini Hamburg, Ujerumani, ipo Miniatur Wunderland, maonyesho ya treni ndogo yaliyofunguliwa mwaka 2001. Sehemu kubwa yake imejengwa kwa kipimo cha 1:87: mtu wa sentimita 174 anabaki na 2 tu. Nikitaka kuyasimulia kwa Kiswahili, nakwama kwenye neno la kwanza.

Lugha yetu ina kiambishi cha kupunguza, ki-. Mlima ukipungua ni kilima, mto ni kijito, mji ni kijiji. Lakini maneno hayo yameshakua! Kijiji kina zahanati na wazee wake. Kilima kinapandwa kwa jasho. Nikiandika kwamba treni inapita kilimani, nani ataona wavu wa waya uliotandazwa vitambaa vilivyochovywa plasta, kisha ukapakwa rangi ya udongo?

Kijiti ndicho kinachonifurahisha. Fundi husokota nyaya kuwa shina na matawi, akagandisha vipande vya sponji ya kijani, na tayari ana mti mdogo. Sisi kijiti tunakijua kama kipande kikavu cha kuchokolea moto.

Kwa hiyo nashauri tuseme mlima wa mfano, mti wa mfano. Mfano ni ndugu wa kufanana, na kufanana ndiko anakohangaikia fundi anapopaka kutu kwenye behewa jipya, au masizi juu ya mlango wa handaki, pale moshi ungepita.