Mpagazi Asiye na Msafara

Wengi mmeniuliza kuhusu hili kovu juu ya nyusi yangu ya kushoto. Sikupigana, na wala sikuwa nimelewa. Nimelipata Tabora, dukani, nikinunua betri za kinasa sauti. Leo nieleze, maana kisa chenyewe kimenirudisha kwenye historia ambayo chuoni niliisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, lakini linauza kila kitu. Jamaa mmoja alikuwa anatoa mabati nje, kayabeba begani. Mtu akamwita kwa nyuma, akageuka, kona ya bati ikanipata usoni. Nyuzi sita. Jamaa akasema "samahani bosi", akapakia mabati kwenye mkokoteni, akaondoka. Mwenye duka nilipomuuliza akasema hamjui, mteja ndiye aliyemchukua hapo nje. Mteja naye alishapotea. Polisi nikapewa PF3 na swali moja: "Unamshitaki nani?" Sikuwa na jibu.

Sheria ipo, ndugu zangu. Ukijeruhiwa kwa uzembe wa mwenzako unaweza kudai fidia, na una miaka 3 ya kufungua shauri. Tena mwajiri hujibu kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Hiyo ni kanuni ya Waingereza, na sheria zao kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ndizo Tanganyika ilizozipokea. Lakini yote haya yanataka mtu mwenye jina, au mwenye bosi. Kibarua wa barabarani hana hata kimoja.

Nikiwa na bandeji usoni ndipo nikakumbuka nipo wapi. Tabora ni mji wa wapagazi. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na vitambaa na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30.

Sasa jiulize: maelfu ya wageni wanapita nchini kwako kila mwaka. Mmoja akimuumiza mtu wako, kesho hayupo. Utamdai nani?

Jibu la njia ile lilikuwa rahisi: unaudai msafara. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kuteka maji, na kosa la mpagazi mmoja liliweza kuuongezea msafara mzima deni la vitambaa. Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walilalamika kweli kweli kuhusu hongo. Chuoni nilikuwa upande wao. Baada ya nyuzi sita nimeanza kumwelewa mtemi. Mgeni hana wa kumdhamini isipokuwa mkubwa wa msafara wake, na pa kumbana ni hapo hapo kabla hajavuka mpaka.

Waislamu waliofanya biashara Tabora walikuwa na dia, na wazo lake halikuwa mbali na hilo. Mtu akiua bila kukusudia, mzigo wa dia hubebwa na ndugu zake wa upande wa baba. Ukitaka kudai, huangalii mfuko wa mkosaji peke yake, unaangalia watu walio nyuma yake.

Na asiye na watu alitafutiwa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Stanley alipigana upande wa Waarabu dhidi ya Mirambo mwaka 1871, lakini mwaka 1876 wakachanjiana damu. Tunazoea kusema huo ni urafiki. Mimi naona ilikuwa pia bima.

Pale ambapo wageni hawakukubali kubanwa, silaha ndizo zilizoongea. Mtemi Mnywa Sere alipotaka wafanyabiashara wa Tabora walipe ushuru, walimwondoa mnamo 1860 na kumweka Mkasiwa. Vita vikaendelea mpaka Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865.

Sisemi turudi huko. Hongo ilimlipisha asiye na kosa, na si ajabu vitambaa viliishia kwa mtemi huku mwenye kidonda akiambulia kidonda chake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na leo mbele ya hakimu sote ni raia tu, uwe na ukoo mkubwa au huna. Hilo ni jambo jema. Ila reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ilikufa, wapagazi hawakufa. Wapo mpaka leo, wanabeba mabati na magunia kwa malipo ya safari moja moja. Kilichopotea ni yule mkubwa wa msafara wa kujibu wanapoumiza mtu. Hata wao wakiumia, hakuna anayewajibia.

Siku ya tatu nilimwona jamaa yangu stendi. Alinitambua kwa bandeji. Hakukimbia, akaingiza mkono mfukoni akatoa shilingi elfu nne, mapato yake ya asubuhi nzima. Akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikamwambia Kisarawe, Mzaramo.

"Ah, mtani wangu! Ningejua ningekukata na nyusi ya pili."

Tulicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Na utani huo wa Wanyamwezi na Wazaramo ni mtoto wa njia ile ile ya kwenda pwani. Nikachukua elfu mbili, nyingine nikamrudishia. Matibabu yalinigharimu elfu kumi na nane.

Kwa hiyo bado elfu kumi na sita, na hizo simdai yeye. Namdai aliyemwajiri kwa dakika ishirini kisha akapotea. Mwenye mabati, kama unasoma hapa, deni lako unalijua.